Herufi Finyu Huchorwa, Haziminywi

Hotuba kwa wachapaji, mafundi wa mabango na wanafunzi wa usanifu, Tanga

Wazee wetu mliotangulia katika kazi hii, shikamooni. Mafundi wa mabango, wachapaji wa fulana na kanga, wanafunzi wa usanifu, hamjambo.

Tuanze na neno ambalo kila mtu wa Tanga amelisoma ukutani: Mkwakwani, jina la uwanja wetu wa mpira. Lina herufi tisa. Ndani yake mna M kubwa, k mbili, w mbili na a mbili. Mpe mchoraji wa fonti neno hilo aliandike kwa herufi ndefu, finyu, zenye serifu, nawe utajua mara moja kama fonti yake inaifaa lugha yetu. M na w ni miongoni mwa herufi pana kuliko zote, k ina mishazari inayogombea nafasi, na a ina tundu dogo linaloziba kabla ya matundu mengine. Fonti nyingi tunazopakua hazikupimwa kwa neno la namna hii. Neno moja ambalo wachoraji wa Ulaya na Marekani wamelizoea sana kupimia fonti ni Hamburgefonstiv. Lina a moja tu. Halina k, halina w, halina y.

Sasa hesabu herufi za sentensi ya kawaida ya tangazo: Wanafunzi wa Tanga wanakaribishwa. Ni herufi 30, na kati ya hizo a ni 9, w ni 4. Kwa hiyo fonti inaweza kuwa nzuri kabisa katika jaribio la Ulaya, ikafika kwenye kichwa cha habari cha Kiswahili ikaonekana ina mabaka meusi na mapengo. Si kwamba ni mbovu. Herufi zake dhaifu ndizo sisi tunazozitumia kila saa.

Tukubaliane maneno kwanza. Finyu inahusu upana wa herufi. Nyembamba inahusu unene wa mstari. Fonti inaweza kuwa finyu na nene kwa wakati mmoja, na za vichwa nyingi ziko hivyo. Serifu ni vikono vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za mistari. Nguzo ni mstari mnene wa wima, kama ule wa l. Uzi ni mstari mwembamba, kama kilele cha o au kijiti cha katikati ya H. Ubavu ni nafasi tupu iliyoachwa kushoto na kulia ya herufi ili isiigonge jirani yake. Vipimo vyote tutavitaja kwa yuniti, na ukubwa wa fonti, yaani ile pointi 60 au 72 unayoiandika kwenye programu, tuuchukulie kuwa umegawanywa katika yuniti 1000.

Kwa nini tuhangaike na herufi finyu? Kwa sababu neno letu ni refu na halikatiki. Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo ndani ya neno moja. "Wanakaribishwa" ni herufi 14 ambazo huwezi kuzivunja katika kichwa cha habari bila kumuudhi msomaji. Chukua safu ya gazeti yenye upana wa milimita 45. Kwa fonti ya kawaida yenye serifu, ambayo wastani wa upana wa herufi zake ndogo ni yuniti 520, neno hilo litaenea kwa pointi 17 na nusu tu. Kwa fonti finyu yenye wastani wa yuniti 400, neno lilelile litaenea kwa karibu pointi 23. Safu ni ileile, neno ni lilelile, lakini sauti imepanda. Hiyo ndiyo kazi ya herufi finyu: kupata kimo mahali ambapo upana umekwisha.

Hapo ndipo kosa kubwa linapotokea, na ndilo lililotuleta hapa. Fundi ana neno refu na nafasi ndogo. Anachukua fonti ya kawaida, anashika kishikio cha ubavuni kwenye programu, anaminya mpaka neno linaingia. Linaingia kweli. Tazameni kilichotokea ndani ya herufi. Tuseme nguzo ilikuwa yuniti 120 na uzi yuniti 30. Uwiano wake ni 4 kwa 1. Ukiminya hadi asilimia 70 ya upana, nguzo inakuwa 84. Uzi ulio mlalo haukuguswa, kwa sababu kuminya kwa pembeni hakupunguzi kitu kilicholala. Bado ni 30. Uwiano umeshuka hadi 2.8 kwa 1. Serifu iliyokuwa na urefu wa yuniti 50 sasa ina 35, ila unene wake uko palepale, kwa hiyo inaonekana kama kisiki. Mishazari ya k, w na y imepoteza sehemu tu ya unene wake kufuatana na mwinamo, hivyo haifanani tena na nguzo wala na uzi. Na o, iliyokuwa duara lenye kupumua, sasa ni yai lililosimama, lenye ncha juu na chini. Jicho la mpita njia halitataja lolote kati ya hayo, lakini litaona kuwa bango limechoka.

Ukibanwa sana na kazi, kuminya hadi asilimia 97 hakuna atakayekugundua. Asilimia 90 fundi mwenzako ataona. Ikifika 80 kila mtu anaona, hata asipojua kueleza anachokiona.

Enzi za herufi za risasi, yaani vipande vya madini vilivyopangwa kwa mkono ili kuchapa, jambo hili halikuwezekana. Risasi haiminyiki. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mpanga herufi wa zama zile, neno lilipozidi upana wa safu, alikuwa na njia mbili: ashushe ukubwa, au afungue kasha jingine lenye herufi finyu, kama analo. Herufi za kasha hilo zilikuwa zimekatwa kivyake, na mara nyingi kila ukubwa ulikuwa na mchoro wake: nyuzi nene kidogo kwenye ukubwa mdogo, nyembamba zaidi kwenye ukubwa mkubwa. Ufinyu ulikuwa kazi ya mkono wa mtu aliyefikiri.

Herufi hizi zilikua pamoja na bango. Herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito na ghali, na uso wake uliweza kubonyea ilipokuwa inapoa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kukata herufi za mbao kwa mashine, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, chombo cha kunakili mchoro kwa ukubwa tofauti. Kuanzia hapo herufi za kimo cha dhiraa zikawa jambo la kawaida, na kwa kuwa karatasi ya bango imesimama wima, herufi ndefu na finyu ndiyo iliyolijaza vizuri. Upande wa London, mwaka 1845, Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street alitoa Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox: nene, yenye serifu nzito, na finyu kiasi, ili neno moja liweze kujitokeza katikati ya maandishi ya kawaida bila kula nafasi. Mwaka 1937 Gerry Powell akachora Onyx kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders, nguzo nene mno, nyuzi kama unywele, na upana mdogo kuliko unavyotarajia. Na kama mtu atasema hayo ni ya kale, mwaka 2003 gazeti la New York Times lilipobadilisha herufi za vichwa vyake na kuhamia familia ya Cheltenham, kazi ya kuichora upya alipewa Matthew Carter. Kompyuta zilikuwepo, na kishikio cha kuminya kilikuwepo.

Tuingie kwenye mchoro wenyewe.

Anza na n ndogo, kwa sababu ndiyo inayoweka mwendo wa herufi zote. Kimo cha herufi kubwa tuweke yuniti 700, kimo cha herufi ndogo 510. Hiki cha pili ni kirefu kuliko katika fonti ya kitabu, na ni kwa makusudi: herufi finyu ikiwa na kimo kifupi matundu yake yanakuwa vitobo. Nguzo yuniti 92, uzi 24. Uwazi kati ya nguzo mbili za n uwe 130. Serifu zitokeze 26 kila upande, na ubavu nje ya ncha ya serifu uwe 30. Jumlisha: 30, 26, 92, 130, 92, 26, 30, n nzima inachukua yuniti 426. Sasa ziweke n mbili pamoja. Kutoka nguzo ya mwisho ya n ya kwanza hadi nguzo ya kwanza ya n ya pili ni 112. Hiyo ni ndogo kidogo kuliko uwazi wa ndani wa 130, na ndivyo inavyotakiwa. Nafasi ya nje ikizidi ya ndani, neno linakatika vipande. Ikipungua mno, n mbili zinasomeka kama m yenye miguu minne.

Serifu ndefu ndiyo mtego wa kwanza wa anayeanza. Ukizichora za yuniti 45 badala ya 26, bila kubadilisha umbali wa nguzo, ncha mbili zinazoelekeana zitaachiana yuniti 22 tu. Kwa pointi 30 hiyo ni chini ya robo ya milimita. Wino ukitambaa kidogo kwenye karatasi ya gazeti, serifu zote zinashikana na neno linaonekana limepigiwa mstari chini kama reli. Fupisha serifu, na uilainishe kona inapokutana na nguzo ili isionekane imebandikwa.

O ndogo usiifanye yai. Chora pande zake za kushoto na kulia zikiwa zimenyooka kwa sehemu ya katikati, kama yuniti 140 hivi, kisha zipinde juu na chini. Nukta za mchoro ziwe nne za msingi, juu, chini, kushoto, kulia, pamoja na zile zinazofunga sehemu iliyonyooka. Izidishe kimo yuniti 12 juu na 12 chini ya mstari, la sivyo itaonekana fupi kuliko n. Nguzo za o ziwe nene kidogo kuliko za n, 96, kwa sababu mpindo unakula unene machoni. Halafu ubavu wake. Katika fonti ya kawaida o hupewa ubavu mdogo sana, kwa kuwa duara lina hewa kwenye pembe. O finyu haina hewa hiyo. Upande wake umenyooka karibu sawa na nguzo. Ipe ubavu wa yuniti 48, na kutoka n hadi o utapata 104, karibu na ile 112. Wengi hukopi vipimo vya ubavu kutoka fonti ya kawaida, na matokeo yake ni "oo" ya "mkoo" au "njoo" kuwa doa jeusi.

Sasa a, mwenye nyumba wa Kiswahili. A ya chapa ina ghorofa mbili: kofia juu na tumbo chini. Tumbo likae kwenye asilimia 55 hivi ya kimo, na tundu lake lisipungue yuniti 80 kwa upana. Ili upate nafasi hiyo, punguza unene wa mstari wa tumbo hadi 80, acha nguzo ya kulia iwe 92, na kofia isitoke kushoto kupita tumbo. Mkia wa chini kulia uwe mfupi. Mkia mrefu unaipiga w au n inayofuata, na katika lugha yetu baada ya a hufuata n au w bila kukoma. Mchoraji akiwa na saa kumi za kazi, mbili azimalize kwenye a peke yake. Hakuna herufi itakayomlipa zaidi.

W na M hazifinyiki kwa kiwango kimoja na n, na asiyekubali hilo ataishia na herufi mbili nyeusi kama makaa. Kama n ni 426, iache w iwe karibu 560. Punguza mishazari minene kutoka 92 hadi 84. Ondoa serifu ya katikati kabisa, na serifu za nje uzifupishe upande wa ndani. M kubwa isimamishe nguzo zake wima, ya kushoto iwe uzi, na ncha ya katikati ishuke hadi mstari wa chini bila serifu. Majina ya kata zetu peke yake yanatosha kuipima: Mabawa, Makorora, Mwanzange, Mzingani, Mnyanjani, Msambweni. Kwa k, mguu wa chini utoke kwenye mkono, usitoke kwenye nguzo. Pembe tatu zikikutana mahali pamoja pale katikati pana doa. Serifu ya ndani ya mguu iwe nusu ya zile nyingine.

Kisha ng'. Hapa tunaomba umakini, kwa kuwa hakuna mchoraji wa nje atakayetufanyia. Alama ya ng'ombe ni koma ya juu iliyopinda, ’, ile inayofanana na 9 ndogo. Si kijiti kilichonyooka, wala si alama ya kufungulia nukuu. Katika fonti finyu kijiti kilichonyooka kinasomeka kama l iliyokatwa, na "ng'" inageuka fumbo. Tatizo la pili ni g. G ya ghorofa mbili ina sikio linalotokeza juu kulia, hasa pale koma inapotua. Ama chora g ya ghorofa moja, ama lifupishe sikio mpaka lisipite ukingo wa tumbo. Baada ya hapo sogeza jozi: g na ’ vikaribiane kwa yuniti 15, ’ na o kwa 40. Kwa herufi kubwa, ’ na A katika NG’AMBO hutaka 70 hivi, maana mwinamo wa A unaacha pango.

Jozi nyingine zetu: Ta ya Tanga, Ya, Wa, kw, ny, vy. T finyu ina mabawa mafupi, kwa hiyo "Ta" husogezwa kidogo tu, 25 au 30. Ukitumia 80 ya fonti pana, a itaingia chini ya T kama kuku chini ya ungo. "Vy" ni kinyume chake: serifu za v na y zinagongana juu, nazo hutaka kuachanishwa, yuniti 6 hadi 10. Nafasi kati ya maneno iwe 180. Ile 250 ya fonti ya kawaida inaacha mashimo kwenye kichwa cha habari.

Tuna fadhila moja ambayo Wafaransa na Wajerumani hawana: Kiswahili hakina alama juu ya herufi. Hakuna kitu kinachosimama juu ya A wala U. Kwa hiyo mistari miwili ya herufi kubwa inaweza kukaribiana sana. Kwa kimo cha 700, ukiweka nafasi ya mstari kuwa asilimia 85 ya ukubwa, tuseme herufi za pointi 60 kwenye mistari inayopishana kwa pointi 51, unabaki na yuniti 150 kati ya mstari na mstari, na bango linashikamana kama ukuta mmoja. Herufi ndogo hazikubali hivyo: mikia ya g, j, p na y itazigonga k, b na h za chini. Huko usishuke chini ya asilimia 95, na utazame kwa macho kila jozi ya mistari kabla ya kuchapa.

Kuhusu matumizi, tuanze na kanga, kwa sababu jina la kanga ni tangazo la zamani na linasomwa kwa jicho kali. Chukua MGENI NJOO MWENYEJI APONE: herufi 22 na nafasi tatu. Tuseme kisanduku cha jina kina upana wa sentimita 60. Fonti ya kawaida, wastani wa herufi kubwa yuniti 700 na nafasi 250, itakupa kimo cha sentimita 2.6. Fonti finyu, wastani 460 na nafasi 180, itakupa karibu sentimita 3.9. Ni nusu zaidi ya kimo, kwa kisanduku kilekile. Na kwa ukubwa huo uzi wa yuniti 24 unakuwa zaidi ya milimita 1.3, ambao pamba inaubeba bila shida. Kwa herufi kubwa tupu ongeza nafasi kidogo kati ya herufi, yuniti 10 hadi 20. Kwa herufi ndogo usiongeze. Zikiachana tu, mwendo wa nguzo unakufa.

Uzi ndio unaoamua ni wapi fonti hii isiende. Ufanyie hesabu kabla ya kuiuza kwa mteja. Kwenye kitambaa kinachochapwa kwa skrini, yaani wavu unaopitisha wino, mstari chini ya nusu milimita ama hautoki, ama unatoka na kukatika baada ya kufua. Nusu milimita kwa uzi wa yuniti 24 ni pointi 59. Basi kwenye fulana, fonti hii isishuke chini ya pointi 60. Kwenye karatasi, herufi nyeupe ndani ya nyeusi hujazwa na wino kutoka pande zote mbili. Linda robo milimita, ambayo ni kama pointi 30. Na kama hiyo nyeusi imetengenezwa kwa rangi nne, rangi zikihama kidogo tu uzi unapotea, hivyo tumia wino mweusi peke yake nyuma ya maandishi. Kwa stika zinazokatwa kwa mashine, sehemu iliyo chini ya milimita moja hunyanyuka wakati wa kung'oa mabaki, na ikisalimika hapo jua na chumvi ya bahari huanzia kwayo kuibandua. Milimita moja inamaanisha herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 3 kwenda juu. Mteja anayetaka jina la duka kwa serifu nyembamba za sentimita moja na nusu kwenye kioo cha gari, mwambie ukweli na umpe fonti nyingine.

Bango la barabarani lina jambo lake, na hili wengi hawalihesabu. Mafundi wana kanuni ya sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali ili mtu asome kwa raha. Kanuni hiyo inamdhania msomaji aliyesimama mbele ya bango. Maduka ya Ngamiani yamebandika mbao zao bapa ukutani, sambamba na barabara, na anayekuja na bodaboda anaziona kwa pembeni. Mtu akilitazama bango kwa pembe ya digrii 60 kutoka mbele yake, upana wa kila herufi machoni mwake ni nusu, ila kimo hakipungui. Herufi ambayo tayari ni finyu inakuwa ufito. Kwa ubao wa namna hiyo tumia fonti pana zaidi. Herufi finyu iweke kwenye ubao unaotokeza kutoka ukutani na kumkabili mpita njia, au kwenye nguzo, ambako nafasi yenyewe ni ndefu na nyembamba.

Bei. Fonti nyingi huja na tarakimu za upana sawa, zilizokusudiwa majedwali. Kwa bango chagua tarakimu za upana wake wa asili; vinginevyo 1 itasimama peke yake kama mgeni. Katika 15,000/= mna sifuri tatu zinazofuatana, kwa hiyo ubavu wa sifuri uupime kama ulivyopima o. Kisha ile /= yetu: alama ya sawasawa imechorwa kwa ajili ya hesabu, hukaa chini kidogo na ni pana kuliko tarakimu finyu. Ipandishe hadi katikati ya kimo cha tarakimu, chora nyingine fupi kama unaimiliki fonti, na uisogeze karibu na mkwaju, yaani ile /. Kazi ya dakika tano, na kila orodha ya bei mjini itapendeza.

Asiyechora anaweza kuchagua. Ziko fonti za bure zenye leseni huria ya shirika la SIL, inayoruhusu kutumia kwa biashara na hata kurekebisha, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Instrument Serif ni finyu na imechorwa kwa ajili ya vichwa. Noto Serif Display ina unene wa aina nyingi na upana unaoshuka hadi finyu sana. Roboto Serif ni fonti badilifu: ina mhimili wa upana unaoweza kuuteremsha kidogokidogo. Teknolojia hiyo ya fonti badilifu ilitangazwa mwaka 2016, na tofauti yake na kuminya ni kubwa. Mchoraji amechora ncha mbili za mhimili, pana na finyu, nukta kwa nukta na kwa mpangilio uleule, na programu inatafuta kilicho katikati yake. Nguzo, nyuzi na serifu zote zimeamuliwa na mtu. Ukikuta jina la fonti lina neno la ufinyu, nyuma yake mna namba: katika OpenType, muundo wa faili za fonti unaotumika sana, upana wa kawaida ni asilimia 100, nusu finyu 87.5, finyu 75, finyu zaidi 62.5, finyu kupita kiasi 50. Kwa Kiswahili, kwa maoni yetu, 75 ndiyo inayofaa kwa kazi nyingi, 62.5 ibaki kwa maneno mawili au matatu. 50 huiua a.

Anayetaka kuchora, FontForge ni programu ya bure na inatosha kabisa kwa kuanzia. Chora n, o, H, O kwanza, kisha a, w, k, i, u, M, na usiendelee na herufi nyingine mpaka hizo kumi zimekaa. Andika kwazo Mkwakwani, Mwaka, Makuu, kuna, wanawake. E itakudai, ichore. Chapa karatasi moja kwa pointi 24, 60 na 120. Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua sita, ukodoe macho mpaka herufi zipoteze makali. Utakachoona ni mstari wa kijivu. Pale penye doa jeusi, herufi hiyo ipunguze unene wa mishazari au ipanue tundu. Pale penye mwanga, punguza ubavu kwa yuniti 4, wala si zaidi, kisha chapa tena. Na doa la kwanza, mara nyingi, utalikuta kwenye w ya pili.